Mnyoo wa Matopeni Anapopewa Jina

Ukisimama pembezoni mwa msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe, baada ya swala ya isha, taa za Dar es Salaam zinaonekana upande wa mashariki kama makaa yaliyotawanywa. Mgongoni kwako ni giza tupu, na ndani ya giza hilo komba wanaitana. Sisi watu wa Pwani tunamjua komba tangu utotoni: macho makubwa, mkia mrefu, mwizi wa tembo mnazini, hata mlevi wa kijijini akafananishwa naye. Wapo komba wakubwa na wapo komba wadogo, na kwetu hesabu iliishia hapo.

Waliokesha misituni na vinasa sauti waliendelea kuhesabu. Komba wadogo wa misitu ya pwani wanafanana sana kwa sura, lakini hawaiti kwa namna moja, na komba huchagua mwenzi wake kwa sauti. Katikati ya miaka ya 1990, Paul Honess alimwainisha komba mmoja kuwa spishi inayojitegemea, akampa jina la nyanda za Rondo, mkoani Lindi. Leo anaitwa Paragalago rondoensis. Ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia wake umetimka kama brashi ya kuoshea chupa. Anaishi katika misitu michache iliyokatikakatika ya pwani ya Tanzania, na mmoja wa misitu hiyo ni huu wa Kisarawe, mwendo wa daladala tu kutoka Gongo la Mboto. Kati ya mwaka 2006 na 2014 aliwekwa katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba walio hatarini kuliko wote duniani.

Hebu tafakari hilo kidogo. Mnyama yule yule aliyekuwa akilia kila usiku juu ya vichwa vya wachoma mkaa hakuwamo katika orodha yoyote ya hatari, kwa sababu hakuwamo katika orodha yoyote. Alikuwa amefichwa ndani ya jina la mwenzake. Nimemtanguliza komba kwa sababu ana macho mazuri na watu humhurumia upesi. Ninayetaka kumzungumzia hasa hana macho mazuri, hana sauti, na wengi wetu tukisikia jina lake tunakumbuka dawa. Ni mnyoo.

Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Pugu, maji hushuka yakiwa yamebeba mchanga na ule udongo mweupe ambao Kisarawe inajulikana nao. Sehemu ya maji hayo huwa Mto Msimbazi, unaopita Vingunguti na Jangwani hadi baharini pale Daraja la Selander. Upande wa Kibaha, Mto Ruvu unapita karibu na Mlandizi, unachotwa ili Dar es Salaam ipate maji ya kunywa, kisha sehemu inayobaki inaenda kumwaga matope yake Bagamoyo. Kibaha na Kisarawe hazina fukwe, lakini udongo wake unafika baharini kila masika. Unatua kwenye mikoko, na hapo ndipo minyoo ninaowasema wanapokaa.

Matope ya mikoko yananuka, yanavuta kiatu, na mtu mwenye haraka huyaona kama uchafu. Yakiwekwa chini ya hadubini, yanahama. Minyoo duara, ambao wataalamu huwaita nematodi, wanajipinda na kujinyoosha kati ya chembe za mchanga kama uzi ulioingiwa na roho. Wengi hawafikii urefu wa milimita mbili, na wembamba wao ni wa unywele. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, walichapisha hesabu yao ya matope ya Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Chini ya mikoko aina ya msinzi walikuta viumbe wadogo karibu 6,700 katika eneo la sentimita 10 za mraba. Chini ya ile aina ya mkandaa walikuta karibu 2,000. Sentimita 10 za mraba ni kitako cha kikombe cha kahawa kile kinachogongwagongwa na wauzaji wa mitaani. Katika viumbe hao wote nematodi ndio waliotawala, na kuna mahali walifikia asilimia 95.

Bibi yangu alitumezesha mbegu za papai zilizotwangwa kila tulipoanza kusaga meno usingizini. Shuleni tulipangwa mstari kumeza vidonge vya minyoo. Pwani hii imeteseka kwa safura, kwa mchango wa watoto, na kwa matende na mabusha, ambayo nayo huletwa na mnyoo duara mwembamba anayebebwa na mbu. Kwa hiyo neno lenyewe limebeba kinyaa, na sidhani tunastahili kulaumiwa. Ila kinyaa hicho kimetuzuia kuona kwamba walio wengi katika ukoo huu hawajawahi kuingia tumboni mwa mtu. Wale wa matope ya bahari wanakula bakteria na mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na wengine wanawinda minyoo wenzao. Nao huliwa na kamba wadogo, kaa, na vifaranga vya samaki wanaokulia katika mizizi ya mikoko kabla ya kwenda kwenye kina kirefu. Changu aliyeko sokoni Feri ameanza maisha yake karibu sana na minyoo hawa.

Sasa kazi ya kuwapa majina. Watu wengi hudhani mwanasayansi hukutana na kiumbe kigeni, akashangaa, akakibatiza, yakaisha. Ukweli ni kwamba mshangao ni sehemu ndogo sana, na inayobaki ni subira ya mfumaji wa mkeka.

Kwanza bomba fupi hudidimizwa kwenye matope maji yakiwa yamekupwa, likatoa kipande kirefu kama keki. Kipande hicho hutiwa formalini ili viumbe wasioze. Maabarani, matope huchujwa kwa nyavu za matundu madogo kuliko ya chekecheke lolote la jikoni, kisha hutiwa kwenye majimaji mazito ya silika na kuzungushwa kwa kasi: mchanga huzama, minyoo huelea. Anayewatafuta huwaokota mmoja mmoja kwa sindano nyembamba, akiwa ameinama juu ya hadubini mpaka shingo iume. Mnyoo huhamishwa polepole kutoka majini hadi kwenye gliserini, ili mwili wake uwe angavu bila kusinyaa, kisha hulazwa kati ya vipande viwili vya kioo. Hapo anaweza kukaa miongo mingi, akasomwa na watu ambao hawajazaliwa.

Ndipo vipimo vinapoanza. Mwanazoolojia wa Uholanzi, Johannes de Man, aliyefariki mwaka 1930, aliwaachia wenzake njia inayotumika hadi leo. Gawanya urefu wa mnyoo kwa unene wake, hiyo ni a. Gawanya urefu kwa koromeo, hiyo ni b. Gawanya urefu kwa mkia, hiyo ni c. Mnyoo wa milimita 1.2 mwenye unene wa milimita 0.03 ana a ya 40. Hapimwi mnyoo mmoja tu, hupimwa madume na majike wengi kadiri walivyopatikana, maana katika kila jamii wapo warefu na wafupi, na usipokuwa mwangalifu utampa mtoto jina lake na mama yake jina lake.

Baada ya vipimo ni sura. Kichwani mna vinywele vinavyohisi, vimepangwa kwa duru, na idadi na urefu wake husema mengi. Pande mbili za kichwa kuna viungo viitwavyo amfidi, ambavyo mnyoo hutumia kunusia kemikali majini. Kwa wengine ni duara, kwa wengine ni mzunguko kama gamba la konokono, kwa wengine ni kama mfuko. Mdomoni mna meno au hamna, na hilo linadokeza chakula. Ngozi inaweza kuwa laini au yenye pete nyembamba kama uzi wa parafujo. Mwishoni mwa mkia kuna tundu la kutolea gundi, ambayo mnyoo hujishikizia nayo kwenye chembe ya mchanga wimbi lisimchukue. Na kwa dume kuna spikula, vijiti viwili vigumu vilivyopinda anavyotumia kujamiiana. Umbo la spikula mara nyingi ndilo huamua kesi. Ukiwa na majike peke yao, unaweza kusubiri miaka ukiomba dume apatikane.

Yote haya huchorwa kwa mkono. Wino mweusi, karatasi nyeupe, kwa msaada wa kifaa cha vioo kinachoiangusha taswira ya hadubini juu ya karatasi. Nimeangalia michoro hiyo kwa muda mrefu na ninaipenda. Picha ya kamera huonyesha tabaka moja tu lililo wazi, nyuma na mbele pakiwa na ukungu. Mchoraji hushuka tabaka kwa tabaka, akakusanya alichokiona katika mstari mmoja, na kila kinywele anachokichora ni ushahidi anaouwekea jina lake.

Hatimaye mnyoo mmoja huteuliwa kuwa holotaipu, yaani shahidi mkuu wa jina. Ubishi wowote ukizuka baada ya miaka 100, huyo ndiye atakayerudiwa. Maelezo huchapishwa, jina likiwa la sehemu mbili kama alivyoanzisha Msweden Carl Linnaeus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho mwanzo wa majina yote ya wanyama yanayotambulika. Sheria ya majina haidai Kilatini cha asili. Inakubali neno la lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Ndiyo maana vinyonga wa milima yetu tangu mwaka 2006 wana jenasi iitwayo Kinyongia, na kima wa Rungwe anaitwa kipunji hata London. Pugu nayo imo: kuna mti uitwao Baphia puguensis na mwingine Millettia puguensis, na neno hilo la mwisho maana yake ni "wa Pugu" tu. Mwanafunzi wa Kisarawe anayepita chini ya miti hiyo akienda shule angefurahi kuambiwa.

Sasa nirudi Gazi, kwa sababu huko ndiko minyoo wa bahari wa pwani yetu walikopata mwandishi wao kutoka Afrika Mashariki. Agnes Muthumbi, Mkenya ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda Gent kusoma kwa Magda Vincx na wenzake. Mwaka 1995 yeye, Dominick Verschelde na Vincx walitangaza spishi tatu mpya kutoka matope ya mikandaa ya Kenya, zote za familia iitwayo Desmodoridae, pamoja na ndugu yao mmoja mpya aliyepatikana Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya. Mwaka huo huo wakatoa hata jenasi mpya, Papillonema, kutoka matope hayo ya Gazi. Mkandaa ni mti ambao wazee wetu waliutumia kwa nguzo na kwa rangi ya kutia ngozi. Chini ya mizizi yake palikuwa na jenasi ambayo ulimwengu haukuwa na neno lake.

Kisha Muthumbi akaingia kilindini. Mwaka 1992 meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, ilichukua matope mbele ya pwani ya Kenya, kutoka kina kifupi hadi kina cha mita 2,000, mahali pasipofika jua. Muthumbi aliyachambua. Kufikia mwaka 1999 alikuwa ameshachapisha, pamoja na wenzake, maelezo ya spishi mpya za familia za Comesomatidae na Microlaimidae, na za jenasi Acantholaimus. Ukifungua leo kitabu chochote kikubwa cha nematodi wa bahari, utakuta jina Muthumbi limeandikwa baada ya majina ya minyoo, kama desturi inavyotaka, likiwa na mwaka wake. Kwangu hiyo ni heshima isiyopungua medali ya mbio ndefu, na ningependa watoto wetu walijue jina hilo kama wanavyowajua wakimbiaji.

Upande wetu, Simon Ndaro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mtafiti mwenzake Emil Ólafsson walihesabu na kupanga nematodi wa Ghuba ya Chwaka, Unguja, kazi iliyotoka mwaka 1999. Kabla ya hapo, mwaka 1995, wakiwa na Ron Johnstone, walikuwa wamechunguza jambo linalomgusa kila mama wa pwani ya mashariki ya Unguja: kilimo cha mwani. Je, kamba na vigingi vya mwani vinabadilisha maisha yaliyo chini yake mchangani? Walikuta viumbe wadogo wamepungua ndani ya mashamba ukilinganisha na mchanga wa jirani. Kwangu maana ya utafiti huo haiko katika kumkataza mtu kulima mwani. Iko katika ukweli kwamba swali lenyewe lisingeulizika kama pasingekuwa na mtu anayeweza kuinama juu ya hadubini na kusema, huyu ni nani na yule ni nani.

Wapo watakaosema: mnyoo ni mnyoo, nchi ina shida kubwa zaidi. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na sipendi kulijibu kwa hasira. Nalijibu kwa muhogo.

Mapema miaka ya 1970, karibu na Kinshasa na Brazzaville, mashamba ya muhogo yalianza kusinyaa. Kileleni mwa kila shina palikuwa na vijidudu vyeupe kama vimepakwa unga, vidung'ata. Havikuwa wenyeji wa Afrika. Vilifika na muhogo kutoka Amerika, na huku havikuwa na adui. Mwaka 1977 mtaalamu wa Ufaransa, Danièle Matile-Ferrero, alivipa jina, Phenacoccus manihoti. Wakatumwa watu Amerika kuwatafuta maadui wake wa asili. Kaskazini mwa Amerika Kusini walikuta kidung'ata kilichoonekana kuwa ndicho, chenye manyigu wadogo wanaokishambulia. Lakini manyigu wale hawakukitaka kidung'ata cha Afrika. Kulikuwa na kosa la jina: kile cha kaskazini kilikuwa spishi nyingine kabisa, ambayo mwaka 1981 ilipewa jina lake yenyewe, Phenacoccus herreni. Tofauti ilikuwa katika mambo madogo. Mwaka huo huo kidung'ata chenyewe kilipatikana Paraguay, na pamoja nacho nyigu mdogo aliyekuwa akitafutwa. Aliachiwa Nigeria, kisha akasambazwa nchi baada ya nchi katika Afrika yote ilayo muhogo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Tanzania nayo ilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpango wa taifa wa kupambana na wadudu waharibifu kwa kutumia maadui wao wa asili una makao yake Kibaha. Wasafiri wengi wa Barabara ya Morogoro hupita Kibaha wakiwaza foleni. Mimi nikipita humkumbuka nyigu yule, ambaye ukubwa wake haufiki punje ya mtama. Kama wale waliomtafuta wangeridhika kwamba kidung'ata ni kidung'ata, wangeendelea kumtafuta mahali pasipo pake, na mashamba ya Pwani yangekuwa yanangoja.

Nematodi wa mikoko bado hawajatuokolea zao lolote, na sitadai hivyo. Hata hivyo wanaweza kusema jambo ambalo vyombo vingi vya maabara husema kwa gharama kubwa. Wanakaa palepale walipozaliwa, hawakimbii, maisha yao ni mafupi, na kila spishi ina kiwango chake cha kustahimili mafuta, kinyesi, au uhaba wa oksijeni. Msimbazi unapita kwenye viwanda, machinjio na makazi ya maelfu kabla ya kufika Selander. Minyoo wa pale mdomoni mwa mto wamepangwa na yote yaliyoteremka. Orodha ya nani yupo na nani ametoweka ingekuwa taarifa ya afya ya mto tangu Pugu hadi bahari, na taarifa hiyo haiandikiki kama wahusika hawana majina.

Jambo moja linaniuma. Vipande vya kioo vya mashahidi wakuu wa majina haya vingi viko Ulaya. Sisemi viliibwa. Vilipelekwa kwa makubaliano, na huko vimetunzwa vizuri. Lakini kijana wa Dar es Salaam anayetaka kulinganisha mnyoo wake na yule wa Gazi anahitaji nauli ya ndege, au barua nyingi. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabati la mbao lenye droo za vioo, chumba kikavu, mtu mmoja mwenye ajira ya kudumu ya kulitunza: hilo si deni la kuishinda nchi. Siku hizi vinasaba husaidia sana, vikamtenganisha mnyoo na pacha wake upesi, ila kinasaba kisichofungwa kwenye mwili uliochorwa na kupimwa hubaki namba tu katika kompyuta.

Mara ya mwisho nilipokuwa Kisarawe mvua ilikuwa imeanza alasiri, ile ya vuli yenye matone makubwa. Komba walinyamaza. Mifereji ya barabarani ilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakavuka lami, yakaingia bondeni. Asubuhi nilipita Selander. Maji yalikuwa yamekupwa, na chini ya mikoko aina ya mchu palikuwa na utando mpya, mwembamba, wa udongo uliokuwa Pugu jana yake. Ulikuwa bado haujakauka, na juu yake kaa mmoja alikuwa akichota kwa gando dogo, akitia mdomoni, akichota tena.